Funza wa BSF, nyenje au nsenene: pogona wako alishwe nini hapa Uganda?

Ukimuuliza mtu wa Kampala mjusi wa kufugwa ale nini, atacheka kwanza, kisha atakuambia wadudu wamejaa kila mahali, pesa za nini? Hakosei. Washa taa ya barazani usiku mmoja wa mvua za Novemba, utapata kumbikumbi, nsenene (wale panzi wanaoliwa), mbawakawa na nondo wa kujaza ndoo. Kupata mdudu si kazi. Kazi ni kwamba karibu wote hao wana upungufu mmoja unaofanana, na mjusi ninayemzungumzia hauvumilii.

Ninayemzungumzia ni pogona, yule wa Australia mwenye ndevu za miiba anazozituna na kuzitia weusi akikasirika. Kwa ukoo ni jamaa ya gorong'ondwa wetu, yule mjusi anayetikisa kichwa ukutani, ila huyu hutulia mkononi na kumzoea mtu. Kwa kuwa ni mnyama wa kigeni, mambo ya vibali yaanzie kwa Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, kabla hujanunua hata kizimba. Hapa nashughulika na chakula tu.

Upungufu wenyewe ni kalsiamu. Chakula cha pogona kinatakiwa kiwe na kalsiamu isiyopungua fosforasi, na afadhali ikaribie mara mbili yake. Fosforasi ikizidi kwa muda mrefu, mwili huanza kuchota kalsiamu mifupani ili damu isipungukiwe. Utaona vidole vinatetemeka, taya limelainika, miguu inapinda, mgongo unaota nundu. Kwa mtoto wa binadamu tungeyaita matege. Mifupa iliyokwisha kupinda hainyooki tena vizuri, hata ukirekebisha chakula baadaye.

Hivi ndivyo wadudu wanaofugwa sana wanavyosimama wakipimwa wabichi, kwa kila gramu 100 (BSF ni kifupi cha Kiingereza, black soldier fly). Ni makadirio, maana alichokula mdudu hubadilisha hesabu, ila tofauti kubwa zinabaki palepale.

| Mdudu | Protini (g) | Mafuta (g) | Kalsiamu (mg) | Fosforasi (mg) |
|---|---|---|---|---|
| Funza wa BSF | 17.5 | 14 | 934 | 356 |
| Nyenje mkubwa | 20.5 | 7 | 41 | 295 |
| Mabuu ya unga | 18.7 | 13 | 17 | 285 |
| Zophobas (mabuu makubwa) | 19.7 | 18 | 18 | 237 |
| Viwavi wa nta | 14.1 | 25 | 24 | 195 |

Anza na safu ya protini, kwa kuwa ndiyo wauzaji huipigia debe. Ukiwapanga kwa protini, kati ya wa kwanza na wa nne tofauti ni gramu tatu tu. Sasa shuka kwenye kalsiamu: funza wa BSF anampita mabuu ya unga zaidi ya mara 50. Kwa hiyo anayechagua mdudu wa pogona kwa protini anachagua kwa kipimo ambacho karibu wote wanafaulu. Mimi ningeanza na kalsiamu, nifuate mafuta, halafu niulize mdudu huyo amekulia wapi na amekula nini. Swali hilo la mwisho hapa Uganda lina uzito kuliko yote, na nitalirudia kwa kila mdudu.

Funza wa BSF

Huyu ni buu wa nzi mkubwa mweusi mwembamba ambaye hata haingii jikoni. Wafugaji wa kuku na samaki wanamjua, kwa kuwa dagaa wa mukene wamepanda bei, na tena mara nyingi huuzwa wamechanganyika na mchanga. Ndiyo sababu siku hizi karibu na Kampala kuna wanaofuga funza hawa kwa taka za masokoni: maganda ya matooke, maembe yaliyooza, mabaki ya kabichi. Mwenye pogona ananufaika na biashara isiyomhusu. Nusu kilo ambayo kwa mwenye kuku ni kionjo, kwako ni chakula cha wiki kadhaa.

Uzuri wake ni kwamba kalsiamu imo ndani ya ngozi yake, hakuna haja ya kumpaka unga. Ubaya nao uko hapohapo kwenye ngozi: ni ngumu, na funza akimezwa mzima bila kutafunwa anaweza kutoka upande wa pili akiwa mzima vilevile, na kalsiamu yake yote. Kagua kinyesi. Ukiona funza waliokamilika umbo, mpe mjusi wadogo zaidi, au watoboe kwa sindano kabla ya kuwaweka sahanini. Na uchague wenye rangi ya maziwa. Akishakuwa kahawia au mweusi, ngozi imekomaa na hamu ya mjusi nayo hupungua.

Ukifika kwa mfugaji, usiulize bei kwanza. "Mzee, hawa wamekulia kwenye nini?" ndilo swali. Akikuonyesha mapipa ya maganda na machicha ya pombe, endelea. Akisema mabaki ya machinjioni, au kinyesi cha vyooni (teknolojia hiyo ipo, na kwa kusafisha mji ni nzuri sana), mshukuru, ondoka. Funza huyu hula chochote, na baadhi ya madini mazito, kadimiamu hasa, hujikusanya mwilini mwake. Kwa kuku wa kuchinjwa baada ya wiki chache ni jambo moja. Kwa mjusi anayeweza kuishi miaka 10 na zaidi ni jingine. Nyumbani waweke siku mbili kwenye pumba safi ya ngano au mahindi kabla ya kuwatoa.

Mafuta yake ni ya wastani, kwa hiyo pogona mkubwa asijazwe hao tu. Wengine watakugeukia kuwa nzi kabla hujawamaliza. Usiwatupe. Nzi wa BSF haumi, na pogona akimwona anaruka kizimbani hukimbia mbio ambazo hukujua anazo.

Nyenje

Nyenje ni mdudu wa mazoezi. Funza hulala sahanini akingoja. Nyenje hukimbia, naye mjusi huinua kichwa, huinamisha shingo, kisha hurusha ulimi. Kwa pogona anayekaa kizimbani siku nzima mwendo huo una faida yake. Nyenje pia ana mafuta machache kuliko wengine wote katika jedwali, na hilo linamfaa mjusi mzima ambaye tumbo limeanza kufura.

Kalsiamu yake lakini ni dhaifu: moja kwa fosforasi saba. Nyenje asiyepakwa unga wa kalsiamu ni chakula nusu. Inakupasa kufanya mambo mawili. Kwanza mlishe nyenje mwenyewe saa 24 hadi 48 kabla hajaliwa, kwa sukuma wiki, majani ya kunde, karoti au kipande cha boga. Dodo (mchicha) mwache pembeni, majani yake yana okzaleti nyingi zinazoishika kalsiamu isitumike. Pili, watie nyenje wa mlo mmoja ndani ya kavera (mfuko wa plastiki) au kopo lenye kijiko kidogo cha unga wa kalsiamu, tikisa taratibu mpaka waonekane kama wametoka kwenye unga wa chapati, uwape papo hapo. Ukichelewa nusu saa watakuwa wamejisafisha wote.

Kuwafuga si kugumu, na hapa Uganda kuna waliokwisha kuwafuga kwa ajili ya kuliwa na watu, Masaka ikiwamo. Unahitaji boksi la plastiki lenye kuta laini, trei za mayai za kujifichia, chakula cha vifaranga, majani kwa ajili ya maji, na kikopo cha mchanga mbichi wa kutagia. Penye joto la nyuzi 30 mayai huanguliwa kwa siku kumi hivi, na nyenje hukomaa ndani ya wiki sita hadi nane. Joto la kawaida la Kampala ni chini ya hapo, kwa hiyo tarajia zaidi, au weka boksi juu ya friji kwa nyuma ambako mota yake hupasha. Nyenje mweusi wa huku mwenye madoa mawili ya manjano mgongoni anastahimili vizuri. Kelele yake lakini! Madume huanza jua likizama, na kama ukuta wenu na jirani ni mmoja, mtagombana. Toa madume makubwa kwanza, ndiyo yaliwe. Majike hayaimbi, na utayajua kwa ule mwiba mrefu wa kutagia nyuma.

Nyenje waliobaki jioni watolewe kizimbani. Wakishikwa na njaa usiku humtafuna mjusi aliyelala, hasa kuzunguka macho na vidole.

Mabuu ya unga na binamu zake

Hapa sitakaa sana. Mabuu ya mbawakawa wa unga ni rahisi kufuga kuliko mdudu mwingine yeyote: ndoo, pumba za ngano, kipande cha karoti, basi. Hayaruki, hayanuki, hayaimbi. Ndiyo maana yanapendwa, na kwangu hiyo ndiyo sifa yake pekee. Kalsiamu kwa fosforasi ni 1 kwa 17, na ngozi yake ni ngumu kwa pogona mchanga. Ile hadithi kwamba hutoboa tumbo la mjusi kutoka ndani haina ukweli, msitishane nayo. Mpe pogona mkubwa machache, yale meupe yaliyotoka kujivua ngozi, yakiwa yamepakwa unga. Zophobas ni yaleyale kwa umbo kubwa na mafuta zaidi.

Viwavi wa nta mfugaji wa nyuki huwaua kwa hasira, kwa kuwa huharibu masega. Ukiwa na rafiki mwenye mizinga atakupa bure. Robo ya uzito wao ni mafuta. Wanamfaa pogona aliyekonda baada ya kuugua, au jike lililomaliza kutaga, kwa siku chache. Zaidi ya hapo mjusi hunogewa na kususia mengine yote. Ni pipi hizo. Viwavi wa hariri wako kinyume chao: laini, mafuta kidogo mno, maji zaidi ya asilimia 80. Kama unaishi karibu na mashamba ya mforosadi, kwa mfano upande wa Sheema, waulize. Ni chakula kizuri cha mjusi aliyepungukiwa maji.

Nsenene na kumbikumbi

Sasa tuje kwa wale ambao kila Mganda atakuuliza kwa nini humpi. Nsenene ni chakula cha heshima. Mkavu, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na ndiyo sababu anakaangika bila kuongezwa mafuta. Nyenje aliyekaushwa yuko kwenye robo hivi. Kwa utamu wa binadamu hiyo ni sifa. Kwa mjusi mzima ni njia ya kuota mafuta kwenye ini. Sipingi kumpa mmoja mmoja wakati wa msimu. Ninachopinga ni kumnunulia sokoni.

Fikiria wanavyokamatwa. Mabati marefu husimamishwa ndani ya mapipa, taa kali huwashwa usiku kucha, moshi hufukizwa, na kila kinachovutwa na mwanga huanguka humo. Pamoja na nsenene huanguka yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayeitwa Nairobi fly, ambaye sumu yake huwababua ngozi watu wa mitegoni. Mwenye kula na familia atachambua, atakaanga. Wewe unampa mjusi mbichi, kutoka gunia ambalo limesafiri usiku kucha toka Masaka. Na wale waliokwisha kukaangwa kwa chumvi na vitunguu hata usiwafikirie.

Aliyekuja mwenyewe barazani kwako, mahali ambapo hakuna aliyepuliza dawa, mkate mbawa na ile miguu mirefu ya nyuma yenye miiba, mpake unga, mpe. Wawili watatu kwa wiki, msimu ukiwapo.

Kumbikumbi ni wepesi kutafunwa na mjusi hawakatai, lakini nao wamejaa mafuta na kalsiamu yao ni hafifu. Tena kuna jambo ambalo wengi hawaliwazi: watu wakijenga humwaga dawa ya mchwa kwenye msingi. Kumbikumbi wanaotoka ardhini kando ya nyumba mpya wanaweza kuwa wamepita katika dawa hiyohiyo. Wa kichuguu cha shambani, mbali na nyumba, hao sawa.

Wasioliwa kabisa

Kimulimuli ni wa kwanza. Huko Marekani pogona wamekufa baada ya kumeza kimulimuli mmoja tu. Sumu iliyo mwilini mwake hushambulia moyo. Hapa vimulimuli wapo bustanini, na mtoto wa nyumbani anaweza kumletea mjusi kama zawadi, kwa hiyo waambie watoto mapema. Wa pili ni panzi wale wa rangi nyingi, wa manjano na nyeusi na kijani, wanaotembea polepole bila kuogopa mtu. Hawaogopi kwa sababu: huhifadhi mwilini sumu za mimea wanayokula. Panzi wa kijani au wa kahawia anayeruka ukimkaribia ni mwingine, ila naye wa shamba la nyanya au kabichi lililopulizwa dawa hafai.

Mende wa jikoni pia hapana. Ulaya na Marekani wanafuga mende wa Amerika ya Kusini aitwaye dubia, ambaye kwa lishe anakaribiana na nyenje na hapandi kioo. Watu husoma habari zake mtandaoni kisha humfuata mende wa nyumbani wakidhani ni mmoja. Wa nyumbani amepita chooni, amepita jaani, na pengine ameshanusa dawa ya kupulizia ya jirani na bado anatembea.

Unga wa kalsiamu, na jua

Unga wa wanyama watambaao ni adimu na ghali. Kwenye maduka ya pembejeo, kama yale ya Container Village pale Nakivubo, utaonyeshwa DCP (dicalcium phosphate) ya kuku. Iache: ina fosforasi ndani yake, na hiyo tayari imezidi. Unachotaka ni kalsiamu kaboneti tupu. Maganda ya mayai karibu yote ni hiyo. Yaoshe, yachemshe dakika kumi, yakaushe juani mpaka yavunjike kwa vidole, utwange, uchekeche kwa kitambaa chembamba mpaka upate vumbi. Punje zikibaki haziwezi kumshika nyenje.

Kalsiamu yote hiyo haitumiki bila vitamini D, ambayo pogona huitengeneza kwa mionzi ya UVB. Tuko juu ya mstari wa Ikweta, jua tunalo. Nusu saa ya jua la asubuhi nje, ndani ya kizimba cha wavu chenye kivuli upande mmoja, humpa kile ambacho wa Ulaya hukinunua kwa taa. Dirisha la kioo halihesabiki, kioo huizuia mionzi hiyo. Na usimwache peke yake. Mwewe wa Kampala humwona kuku mdogo toka mbali, sembuse mjusi aliyenenepa.

Kwa hiyo ununue nini

Pogona mdogo, wa chini ya miezi sita hivi, chakula chake kingi ni wadudu. Mpe mara mbili au tatu kwa siku, kiasi anachomaliza kwa dakika kumi hadi kumi na tano, na mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake. Kwake ningeweka funza wa BSF wadogo asubuhi na vinyenje vilivyopakwa unga mchana. Mabuu ya unga asiyaone bado.

Aliyepita mwaka mmoja na nusu mambo hugeuka: majani kila siku, sukuma wiki, boga, majani ya kunde, na wadudu mara tatu kwa wiki. Hapo nyenje ndiye atangulie, kwa kuwa ana mafuta machache, funza wa BSF wamfuate kidogo. Jike lenye mayai tumboni lirudishwe kwa BSF mpaka litage, kwa sababu kalsiamu ya mayai hutoka kwake.

Mwenye kukaa Kampala, Wakiso au Mukono anaweza kupata BSF bila kusafiri. Aliye Gulu, Arua au Kabale asihangaike kusafirishiwa kwa basi, maana funza waliofungwa kwenye mfuko usiopumua hupata joto na kufa njiani. Aanze na jozi kadhaa za nyenje wa kufuga na kopo la maganda ya mayai. Kabale akumbuke baridi: boksi la nyenje likae karibu na jiko, la sivyo mayai yatakaa muda mrefu mchangani bila kuanguliwa.